Uzi: Kupanga ruti za daladala Dodoma kwa kompyuta. Algorithimu gani, data gani, na inakwama wapi?

Kitelela_B

Wakuu, salaam. Naomba tujadili hili kiufundi.

Mji wetu umejengwa juu ya barabara kuu nne zinazokutana katikati: ya Dar es Salaam, ya Singida, ya Iringa na ya Arusha. Ruti nyingi zimefuata umbo hilo hilo, zinaingia mjini na kugeuzia huko. Tangu Serikali ihamie na wizara zijengwe Mtumba, safari za watu zimebadilika kuliko ruti zenyewe. Anayekaa Nkuhungu na kufanya kazi Mtumba anapanda gari mbili na kulipa nauli mbili, kwenda tu.

Swali: ukiwa na ramani ya barabara, idadi ya magari na makadirio ya abiria, kompyuta inaweza kutoa ruti bora? Naona vijana wengi wanataja OR-Tools, programu ya Google ya kutafuta mpangilio bora, kwa kuwa ni ya bure. Inafaa? Naomba hatua na namba.

---

Nodi_na_Kiungo

Mkuu, tuanze na OR-Tools, maana hapo ndipo wengi wanapotea siku ya kwanza.

Mifano yake mingi inayosambaa mtandaoni ni ya kusambaza mizigo. Tatizo hilo liliandikwa na Dantzig na Ramser mwaka 1959 kwa ajili ya malori ya mafuta: una ghala moja, wateja kadhaa, malori yenye ujazo fulani, na kila mteja anatembelewa mara moja. Ukilisha vituo vya daladala humo utapata ruti zinazopinda kama korongo, kwa sababu programu inadhani kituo kikishapitwa na gari moja kazi imekwisha. Abiria si mzigo wa kushushwa mara moja. Kila mmoja ana anakotoka na anakokwenda, na kituo kimoja kinaweza kuhitaji ruti tano tofauti.

Mbinu ile inafaa mabasi ya watumishi wa wizara: watu wanajulikana, wote wanakwenda Mtumba, wote wafike kabla ya saa 1:30 asubuhi. Hapo tumia OR-Tools bila wasiwasi, weka sharti la ujazo na la muda wa kufika.

Daladala ni tatizo la kubuni mtandao. Unachagua seti ya ruti kwa pamoja, kisha unaamua kila ruti ipitishe gari kila baada ya dakika ngapi, kisha unahesabu abiria watajigawa vipi. Ugumu wake ni wa wingi wa machaguo: ukiwa na ruti 400 zinazowezekana na unataka 20, seti zinazopatikana ni namba yenye tarakimu 34. Hakuna kompyuta itakayozipitia zote, ndiyo maana tunatumia mbinu za kukaribia jibu.

Mtiririko wa kawaida ni huu. Toa barabara kutoka OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni) na uzisafishe katika QGIS (programu ya ramani). Unganisha vituo vilivyo ndani ya mita 200 hadi 250 kuwa nodi moja, yaani nukta moja ya mtandao. Mji kama Dodoma ukibaki na nodi 120 hadi 180 inatosha kabisa. Kwa kila jozi ya nodi zinazofaa kuwa mwanzo na mwisho wa ruti, tafuta njia fupi 5 hadi 10 kwa mbinu ya Yen (1971), na utupe yoyote iliyo ndefu zaidi ya mara 1.4 ya njia fupi kuliko zote. Hiyo ndiyo hodhi ya ruti, yaani orodha ya ruti za kuchagulia. Kuchagua ndani ya hodhi ni hatua ya baadaye, nitairudia.

Angalizo moja la hapa kwetu: usitumie umbali wa mstari ulionyooka wala duara la mita 500 kuzunguka kituo. Reli inakata mji na vivuko vyake ni vichache, na makorongo nayo yana lao. Mtu anaweza kuwa mita 300 kutoka kituoni kwa ramani na akatembea kilomita nzima. Hesabu kutembea juu ya njia za miguu zilizochorwa.

---

MamaTakwimu

Naomba niingilie kabla hamjafika kwenye algorithimu. Matriksi ya safari, yaani wangapi wanatoka wapi kwenda wapi, ndiyo itakayoamua jibu.

Nodi 150 zina jozi 22,350 ukiondoa za kujirudia wenyewe. Hata ukihoji watu 3,000, visanduku vingi vitabaki tupu. Kwa hiyo mahojiano yafanyeni kwa kanda, siyo kwa kituo. Kanda 30 zina jozi 870, hapo sampuli inaanza kuwa na maana. Kanda zifuate mitaa inayojulikana ili aliyehojiwa ajibu bila kufikiri: Chang'ombe, Kizota, Area C, Ipagala, Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Ihumwa, Mtumba, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), Msalato, Veyula na kadhalika.

Halafu hesabu za ndani ya gari. Karani mmoja anakaa karibu na mlango, simu inarekodi mahali, yeye anaandika waliopanda na walioshuka kila kituo. Kosta ina mlango mmoja, kwa hiyo karani mmoja anatosha. Majumla hayo ndiyo unayotumia kunyoosha matriksi ya mahojiano: zidisha mistari ifikie jumla ya wanaotoka, kisha nguzo zifikie jumla ya wanaofika, rudia mpaka tofauti iwe chini ya asilimia 1. Kabla ya kuanza, jazeni visanduku vilivyo tupu kwa namba ndogo, mfano 0.5, vinginevyo kisanduku chenye 0 kitabaki 0 hata mkizidisha mwaka mzima, na mtapata mji ambao hakuna mtu wa Iyumbu anayekwenda Msalato kwa sababu tu hamkumkuta siku hiyo.

Na hili naliandika peke yake: hesabuni walioachwa kituoni. Gari likipita limejaa, aliyebaki hayumo kwenye hesabu za ndani ya gari. Mkimwacha, mtakuwa mmepima magari yaliyopo, siyo watu wanaotaka kusafiri, na kompyuta itawashauri mbaki na ruti zile zile. Weka mtu wa pili kituoni, hesabu kwa vipindi vya dakika 15, hasa saa 12 hadi saa 2 asubuhi na saa 9:30 hadi 12 jioni.

---

Kitelela_B

Nimewasoma. Sasa kompyuta inajuaje seti hii ni bora kuliko ile? Inapunguza nini hasa?

---

Nodi_na_Kiungo

Hapo ndipo penye ugomvi wote, mkuu. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni jumla ya muda wa abiria: kutembea, kusubiri, kukaa garini, na adhabu ya kubadili gari. Dakika ya kusubiri au kutembea hupewa uzito karibu mara mbili ya dakika ya kukaa kitini, kwa sababu inauma zaidi.

Adhabu ya kubadili gari katika majaribio mengi ya kitaaluma ni dakika 5. Kwa wenzetu walio na tiketi moja inayounganisha ruti, sawa. Hapa ukishuka unalipa upya. Tugeuze nauli kuwa dakika. Chukulia mtu anapata sh. 300,000 kwa mwezi kwa saa 180 za kazi: hiyo ni karibu sh. 1,670 kwa saa, au sh. 28 kwa dakika. Nauli ya pili ya sh. 600 ni sawa na dakika 21 au 22 za kazi yake. Na kwa kawaida muda wa safari huthaminiwa chini ya mshahara. Ukiuthamini nusu, nauli hiyo inakuwa dakika 43.

Kwa hiyo 5 na 43. Ukiweka 5, programu itakuletea stendi kubwa moja au mbili na ruti fupi zinazoishia hapo, mchoro unapendeza macho. Ukiweka 40, itakuletea ruti ndefu zinazokatiza mji mzima, mfano Nkuhungu hadi Ihumwa bila kushuka. Algorithimu ni ile ile, ramani ni ile ile. Yeyote anayewaletea mtandao mpya wa daladala, swali la kwanza mwulizeni adhabu ya kubadili gari aliiweka ngapi.

Mtego mwingine: ukipunguza *wastani wa muda wa waliohudumiwa*, programu itagundua kwamba kuifuta Hombolo kunaboresha wastani. Kila safari isiyohudumiwa lazima iwe na gharama, tena kubwa kuliko safari mbaya kuliko zote kwenye mtandao. Mimi naona gharama ya bodaboda ya umbali huo, ikigeuzwa dakika kama nilivyofanya hapo juu, ni kipimo cha haki.

---

Tajiri_wa_Kosta

Mnaongea vizuri lakini mmesahau mwenye gari. Ruti mnaichora ninyi, dizeli ananunua nani?

Chukueni Sabasaba hadi Mtumba. Tuseme kilomita 18, nauli sh. 800, Kosta ya watu 28, kilomita 6 kwa lita, dizeli sh. 2,800. Kwenda na kurudi ni kilomita 36, lita 6, sh. 16,800. Asubuhi unakwenda umejaa: 28 × 800 = 22,400. Unarudi na watu 6: 4,800. Jumla 27,200, toa dizeli, inabaki 10,400. Mchana unakwenda na 12 na kurudi na 12, wengine wanashukia njiani kwa nauli ndogo, tuseme wastani 700: jumla 16,800. Mzunguko umelipa dizeli tu. Siku yenye mizunguko minne ya kujaza na minne ya mchana inaacha sh. 41,600. Hesabu ya tajiri, yaani fedha anayopelekewa mwenye gari kila siku, ikiwa 60,000, dereva na konda wanadaiwa kabla hawajala.

Sasa linganisheni na Majengo hadi Nkuhungu, tuseme kilomita 6, nauli 600. Mzunguko ni lita 2, sh. 5,600. Umejaa kwenda 16,800, unarudi na kumi 6,000. Baki 17,200 kwa mzunguko wa dakika 50. Ile ya Mtumba inabakiza 10,400 kwa dakika mia na kitu. Kwa saa moja, ruti fupi inaacha zaidi ya 20,000, ndefu inaacha 6,000. Halafu mnashangaa dereva anakatisha ruti Ihumwa au Nanenane! Faini ipo, lakini hesabu ya jioni nayo ipo.

---

Nodi_na_Kiungo

Tajiri, hiyo hesabu yako ndiyo sharti linalokosekana kwenye kazi nyingi. Linaingia hivi: kwa kila ruti, mapato ya siku kwa gari moja toa dizeli, matairi, oili na posho yasipungue kiasi fulani. Ruti isiyofikia hapo programu iikatae, au ionyeshe pengo ni shilingi ngapi ili mwenye mamlaka aamue kama atafidia.

Dawa ya kiufundi ipo pia. Tugawe magari kwa saa. Mzunguko wa Mtumba: dakika 45 kwenda, 45 kurudi, 7 za kupumzika kila upande, jumla 104. Asubuhi, kipande chenye watu wengi kikiwa na abiria 210 kwa saa upande mmoja, 210 ÷ 28 = magari 7.5 kwa saa, yaani gari kila dakika 8. Magari yanayohitajika ni 104 ÷ 8 = 13. Mchana gari kila dakika 20 linatosha: 104 ÷ 20 = 5.2, unapandisha kuwa 6 (usishushe kamwe), na pengo linakuwa dakika 17 na ushee. Magari 7 yaliyobaki yakafanye kazi ruti fupi mpaka saa 9 alasiri. Kikwazo ni kwamba leseni inalifunga gari na ruti yake, kwa hiyo pendekezo lazima liende LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kama jozi ya ruti kwa gari moja kwa saa zilizotajwa, siyo kama ruti mpya tu.

Na kabla hujauliza kuhusu kurudi bila kusimama: ukirudi kwa dakika 32 badala ya 45, mzunguko ni 91, magari 91 ÷ 8 = 11.4, unapandisha 12. Umeokoa gari moja na umepoteza wale abiria sita kila mzunguko.

---

Kisasa_Jr

Kwa nini isiwe ruti ya duara? Kuna mradi wa barabara ya mzunguko wa nje, zaidi ya kilomita 110.

---

MamaTakwimu

Ile ni ya kuyapitisha malori na mabasi ya mikoani nje ya mji, mdogo wangu. Imezunguka mbali, na abiria wa daladala anafuata nyumba. Duara dogo la ndani linazungumzika, ila likichelewa halina mwisho wa kupumzikia ili kufidia, kuchelewa kunajizungusha siku nzima. Kama mkilichora, wekeni kituo kimoja chenye dakika 6 hadi 8 za kusimama kwa lazima.

---

Foleni_Theory

Mmesema "gari kila dakika 8" mara kadhaa. Daladala haziondoki kila dakika 8. Zinaondoka zikijaa. Tofauti hiyo inavunja nusu ya hesabu zenu.

Programu nyingi zinachukulia wastani wa kusubiri ni nusu ya pengo: dakika 8, unasubiri 4. Hiyo ni kweli mapengo yakilingana. Chukua mapengo matano ya 2, 2, 20, 8 na 8. Wastani bado ni 8. Lakini abiria wengi wanafika ndani ya lile pengo la 20, kwa hiyo unajumlisha kila pengo likizidishwa na lenyewe, unagawa kwa mara mbili ya jumla ya mapengo: 536 ÷ 80 = dakika 6.7. Gari ni zile zile, kusubiri kumepanda kwa zaidi ya theluthi mbili.

Mwanzo wa ruti ni kibaya zaidi mchana. Wakija abiria kwa wastani wa mmoja kila dakika, Kosta ya watu 28 inakaa kama nusu saa, na wastani wa kusubiri kwa waliomo ni kama dakika 14. Likiondoka limejaa, wa Ipagala wanaangalia vumbi tu. Ndiyo maana mtu wa kituo cha kati anageuka nyuma hadi mwanzo wa ruti, na matriksi yenu itamhesabu kana kwamba anaishi Sabasaba.

Kwenye modeli, wekeni kanuni mbili kwa ruti moja: saa za msongamano gari linaondoka kwa muda, mchana linaondoka likifika nusu ya viti au dakika 12 zikiisha, lipi litangulie. Fanyeni uigizaji wa siku nzima kwa kanuni hizo kabla ya kuamini namba yoyote ya kusubiri. Mchana Hiace inaweza kushinda Kosta kwa sababu hii tu, hata kama gharama yake kwa kiti ni kubwa.

---

Kitelela_B

Safi sana. Nodi, uliahidi sehemu ya kuchagua ruti ndani ya hodhi.

---

Nodi_na_Kiungo

Naam. Kuna wanaotumia algorithimu ya kijenetiki (inayochanganya majibu mazuri kupata mapya), kuna wanaotumia mbinu ya kupooza taratibu (simulated annealing) iliyochapishwa na Kirkpatrick na wenzake mwaka 1983. Mimi nashauri ya pili kwa anayeanza, vishikizo vya kurekebisha ni vichache.

Unaanza na ruti zilizopo leo, siyo seti ya kubahatisha. Kila hatua unabadilisha kitu kimoja: ongeza kituo mwishoni mwa ruti, au ondoa kituo cha mwisho, au badilisha ruti nzima na nyingine kutoka kwenye hodhi, au chukua ruti mbili zinazokutana kwenye nodi moja na uzibadilishane mikia. Hilo la mikia ndilo linalozalisha ruti za kukatiza mji, usiliache. Badiliko likiboresha, kubali. Likiharibu, likubali kwa nafasi inayopungua kadiri "joto" linavyoshuka. Joto la kuanzia liwe la kukubali karibu asilimia 80 ya mabadiliko mabaya, halafu zidisha kwa 0.95 hadi 0.99 kila baada ya hatua mia kadhaa. Jibu likiganda mapema, umepooza haraka mno.

Kinachokula muda ni kutathmini kila seti. Kutafuta njia fupi kati ya nodi zote 150 kwa mbinu ya Floyd na Warshall ni 150 × 150 × 150, karibu hatua milioni 3.4, na unafanya hivyo mara makumi elfu. Python ya kawaida itakukalisha siku nyingi. Tumia Numba (nyongeza ya kuiharakisha Python) au uandike sehemu hiyo kwa C++. Kumbuka pia nodi lazima ziwe za "kituo-kwenye-ruti", siyo kituo peke yake, vinginevyo programu haitaona kwamba mtu amebadili gari na adhabu yote tuliyobishania haitatozwa.

Kabla ya kuigusa Dodoma, pima programu yako kwa mtandao wa Mandl wa Uswisi, mfano mdogo ambao watafiti hupimia programu zao: nodi 15, viungo 21, safari 15,570, adhabu ya dakika 5. Mandl mwenyewe kwa ruti 4 alipata wastani wa karibu dakika 13, kazi za baadaye zimeshuka hadi karibu 10.5. Ukipata 9, usishangilie, kuna safari umezisahau.

Muda wa barabarani usiuchukue kutoka kwenye ramani peke yake. Kasi za kawaida za OSRM (programu ya kukokotoa njia na muda juu ya OpenStreetMap) ni za gari dogo. Ongeza sekunde 20 hadi 30 kwa kila kituo za kupunguza mwendo na kuondoka, na sekunde 2 hadi 4 kwa kila anayepanda, kisha linganisha na rekodi za simu za makarani.

---

MamaTakwimu

Na msitengeneze matriksi moja. Chuo kikifungwa, ruti za UDOM zinabaki tupu. Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, linaongeza wageni mjini. Nanenane inavuta mji mzima Nzuguni mwanzoni mwa Agosti. Jumamosi kuna mnada wa Msalato. Mvua za Desemba hadi Aprili zinafunga barabara za vumbi. Kwenye mtandao wa nodi viondoeni viungo vya barabara hizo kabisa mwone ruti gani zinakatika. Matriksi tatu zinatosha kuanza: siku ya kazi chuo kikiwa wazi, siku ya kazi chuo kikiwa kimefungwa, na Jumamosi. Chagueni seti inayovumilika katika zote tatu, hata kama si ya kwanza katika yoyote.

---

Tajiri_wa_Kosta

Tuseme kompyuta imetoa ruti 20 mpya. Mtazibadilisha zote Jumatatu?

---

Nodi_na_Kiungo

Hapana. Weka sharti ndani ya programu: ruti zisizozidi 3 zibadilike kutoka mtandao wa sasa, nyingine zibaki zilivyo. Ukiendesha kwa 1, kisha 2, kisha 3, kisha 5, utaona faida inapungua haraka baada ya chache za mwanzo, na unapata mpangilio wa ipi itangulie. Matokeo yatoe kwa muundo wa GTFS (muundo wa kawaida wa data za usafiri wa umma), na kwa magari yasiyo na ratiba ya dakika tumia faili la frequencies.txt badala ya kubuni saa za kuondoka. Nairobi matatu zilichorwa kwa muundo huo kwa kutumia simu, zaidi ya ruti 130, kwa hiyo mfano wa usafiri kama wetu upo.

Kwa ruti ya kwanza ya majaribio mimi ningechukua Nkuhungu–Ihumwa kupitia katikati ya mji, Kosta 6, zilizotolewa kwenye ruti mbili inazoziunganisha bila kuongeza gari jipya. Karani awe kwenye kila gari wiki mbili za mwanzo, na mtu wa kuhesabu walioachwa awe Sabasaba na Nanenane.

---

Tajiri_wa_Kosta

Na nauli ya kukatiza mji iwe moja, ijulikane mapema, ibandikwe mlangoni. Konda akianza kutoza mara mbili katikati, hamna majaribio hapo.